Mkate Juu ya Ukuta

Msomaji wangu, umewahi kwenda kuoga bahari na marafiki, mkafika mlangoni mkatenganishwa, wanawake huku, wanaume kule, katikati ukuta mweupe unaoingia mpaka majini? Huko Trieste, mji wa pwani wa Italia, kwenye ufuo wa Pedocin, ndivyo walivyozoea tangu enzi za mabibi zao, na ukithubutu kusema ukuta ubomolewe utafukuzwa na hao hao wanawake. Kiingilio hakifiki bei ya kikombe cha kahawa. Ndiyo maana Tullia alipachagua.

Tullia ndiye aliyepanga safari nzima, na kwa kubana matumizi hana mpinzani. Walikuwa wanne, wote wa mji wa Udine, wote wastaafu: Tullia na mumewe Oreste, Nives aliyekuwa mshonaji, na Egidio aliyekuwa kinyozi. Walipanda ile treni inayosimama kila kituo, wakafikia nyumba ya watawa wa kike, yenye vitanda vyembamba vya chuma na shuka zinazonukia sabuni. Chakula walitoka nacho nyumbani: mayai ya kuchemsha, mkate, divai ya shemeji yake Oreste, na friko, yaani jibini na viazi vilivyokaangwa pamoja mpaka vikashikana kama chapati nene.

Safari hiyo ilikuwa ya kumuaga Egidio. Binti yake alikuwa amemtafutia chumba Bolzano, mji wa mbali milimani, karibu na kwake, na Jumatatu angehama. Kila mtu alisema ni jambo jema. Nives naye alisema ni jambo jema, kisha akarudi nyumbani akafua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Yeye ni mjane, Egidio ni mgane, na kwa miaka walikuwa wakicheza karata upande mmoja kila Alhamisi kwenye klabu ya mtaa. Mchezo wao wa briskola huchezwa wawili kwa wawili, na mwenzio humwambii neno, unamwonyesha kwa uso. Ukipinda mdomo, una karata yenye namba tatu. Ukipandisha macho juu, una mfalme. Nives alikuwa akiusoma uso wa Egidio vizuri kuliko anavyosoma gazeti. Lakini ishara ya kumwambia mtu asiende, hakuna aliyeitunga.

Ndani ya treni alijaribu. Akamkazia macho. Egidio naye akamtazama, akatabasamu, akamenya chungwa, akampa nusu. Basi, yakaishia hapo.

Jumamosi wakafika Pedocin jua limeshapamba moto. Wakaagana mlangoni, wanaume wakashika njia yao. Tullia na Nives wakatandika taulo juu ya kokoto, katikati ya wanawake wa Trieste waliojianika kama nguo, vikongwe kwa wasichana, wengine vifua wazi, wengine wanafuma soksi. Tullia akafungua mfuko wa chakula, akapiga yowe.

"Mungu wangu, mkate!"

"Una nini?" Nives akauliza.

"Anao Oreste! Na divai anayo Oreste! Sisi tumebaki na mayai na friko!"

Jirani yao, mama mmoja mnene mwenye kofia ya kuogelea yenye maua ya mpira, akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Nyie watu wa Udine mna vituko. Hapa chakula hugawanywa kabla ya mlango. Haya, mwite mumeo arushe."

"Oresteee!"

"Nini tena?" sauti ikajibu kutoka ng'ambo ya ukuta. "Hata hapa hunipi nafasi ya kupumua?"

"Rusha mkate!"

"Leteni mayai kwanza!"

"Usilegeze, bwana!" wanaume wengine wakamshangilia. "Mayai kwanza!"

Mkate ukaja ukizunguka hewani, ukamwangukia mfuma soksi mapajani. Mayai yakaenda, moja likatua majini. Nives akaifunga friko kwenye kitambaa, akairusha kwa mikono miwili.

"Imenipiga kichwani," Egidio akasema huko ng'ambo, "lakini ni tamu."

Nives aliposikia sauti ile akaacha kutafuna. Tullia akamwona.

"Kula, shoga. Unajikondesha kwa ajili ya mtu anayepanda treni keshokutwa."

"Punguza sauti."

"Nipunguze ya nini, na ukuta wote huu? Kila Alhamisi mnakonyezana kama wezi wa kuku, na hakuna anayefungua mdomo. Kama hutaki Egidio aende, si umwambie!"

Ng'ambo mtu akazima redio iliyokuwa ikiimba. Kisha mzee mmoja, mgeni kabisa kwao, akaita:

"Jamani akina mama, mwenyewe yupo hapa! Amekuwa mwekundu kama kamba wa kuchemshwa!"

Wanawake wakaangua kicheko ufuo mzima. Tullia akajiziba mdomo kwa mkate.

"Nives?" Ilikuwa sauti ya Egidio. "Ni kweli?"

Nives akafanya alilozoea. Akapinda mdomo, akapandisha macho.

"Unamkonyeza nani, dada?" akauliza mama wa kofia. "Huo ni ukuta wa chokaa. Hakuoni!"

Nives akasimama, kokoto zikimuunguza nyayo, yai bado mkononi. Aliogopa nini? Aliogopa kuonekana mwanamke mzima asiye na haya, na aliogopa zaidi yule binti, ambaye ameshapaka chumba cha baba yake rangi. Akausogelea ukuta mpaka akausikia ubaridi wake.

"Egidio, hicho chumba cha Bolzano kina dirisha?"

"Kinalo. Linatazama gereji."

"Mama, acha madirisha!" mzee yule akapiga kelele. "Sema, friko inaisha!"

"Nyamaza wewe, mwache ajipange!" wanawake wakamjibu kwa pamoja.

Nives akavuta pumzi, akasema kwa sauti ambayo hakuwahi kuitoa hata kanisani:

"Usihame! Sitaki Alhamisi peke yake, nataka na siku zingine zote. Nataka uje ukae kwangu."

"Nakuja," Egidio akajibu kutoka ng'ambo, "ila binti yangu tutamwambia pamoja."