Utepe Mwekundu Kwenye Kiatu cha Kulia

Jumatatu asubuhi kila aliyekutana naye alimuuliza habari za jino. Alianza mlinzi wa geti, akafuata dereva wa basi la timu, kisha golikipa mmoja mtundu aliyetaka kujua kama limeng'olewa na kama anaweza kuonyeshwa pengo. Kocha wa vijana wa chini ya miaka kumi na saba, ambaye kituo kizima cha soka kilimwita Mwalimu, aliwajibu wote kwa kugusa shavu na kusema limetulia.

Kwenye stoo ya vifaa Shangazi alikuwa amemwandalia maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Shangazi ndiye aliyefua jezi na kutunza mipira. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, ila hakuna aliyethubutu kumwita vingine.

"Sukutua, usimeze. Ni la upande gani?"

"Kushoto."

"Mbona umeshika kulia?"

Mwalimu akahamisha mkono. "Maumivu yanatembea."

"Basi hayo si ya jino, hayo ni ya mapenzi," alisema Shangazi, akarudi kwenye rundo lake la soksi.

Mwalimu akasukutua mpaka kikombe kikaisha, kwa kuwa hakuona njia nyingine ya kutoka mle ndani.

Hakuwa na jino bovu. Jumamosi, siku aliyoomba ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno, alikuwa mji wa jirani, amekaa kwenye kiti cha plastiki katika korido ya klabu nyingine, amevaa koti lake la pekee, akisubiri kuitwa ndani aulizwe kama anaweza kuifundisha timu yao ya pili. Kutafuta kazi si dhambi. Lakini Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya mchujo, siku ambayo Mkuu wa kituo huwatazama vijana katika mechi moja na kuamua nani anabaki na nani anarudi kwao. Kocha anayekosa siku hiyo kwa ajili ya mwajiri mwingine hawezi kutegemea kubaki na kazi.

Kabla ya mazoezi Mkuu alimwita ofisini. Alikuwa mtu mzima wa kusema taratibu, na sehemu hii ya kazi yake hakuipenda. Alisogeza kikombe cha chai, akakirudisha pale pale.

"Wataondoka watatu," alisema.

Wawili Mwalimu aliwatarajia. Wa tatu alikuwa Sindano.

Sindano alikuwa kiungo wa katikati, miaka kumi na sita. Jina hilo alipewa na wenzake kwa jinsi pasi zake zilivyopenya katikati ya mabeki wawili bila kumgusa yeyote.

"Nami nimeshangaa," Mkuu aliendelea. "Huyu nilikuwa nimemwekea matumaini. Lakini mpira ukimjia kulia, anauzungusha kwanza uende kushoto, na wenzake hawamsubiri, wanamnyang'anya. Mguu wa kulia hakuutumia hata kidogo. Nilidhani ameumia, nikamuuliza daktari wa timu, akasema ni mzima kabisa. Halafu amejifunga pambo jekundu kwenye kiatu. Vijana wa siku hizi wanaanza na urembo, mpira baadaye."

Lile halikuwa pambo. Ulikuwa utepe wa Mwalimu mwenyewe. Hakuna aliyemfundisha kuutumia. Aliubuni baada ya miaka mingi ya kuona vijana wazuri wakikua na mguu mmoja tu. Kijana mwenye kipaji hasa alimfunga utepe kwenye kamba za kiatu cha mguu wake hodari, na tangu hapo mguu huo ukawa wa kukimbilia na kusimamia tu. Pasi, mashuti, kutuliza mpira, vyote kwa mguu mwingine, kwa muda wa kama mwezi. Sharti lilikuwa moja: aliyefunga ndiye anayefungua. Kijana akijifungulia mwenyewe, amejiondoa kwenye zoezi. Vijana waliuona utepe ule kama nishani, na waliokuwa hawajawahi kufungwa walijifanya hawautaki.

Alikuwa amepanga kumfungua Sindano asubuhi ya mchujo. Kisha ikaja simu ya klabu nyingine kumwita siku hiyo hiyo, na akaondoka na basi la alfajiri.

"Una la kusema?" Mkuu aliuliza.

"Hapana," alisema Mwalimu. "Nimeshtuka tu."

"Saa ya mazoezi ikikaribia wazazi watakuwa wamefika. Utawaambia wewe, kama kawaida."

Ndivyo kituo kilivyofanya kazi. Kocha aliyemlea kijana ndiye anayemwambia, uso kwa uso, mzazi akiwepo. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyewahi kuutetea utaratibu huo, akisema mtoto wa mtu haachwi kwa ujumbe wa simu.

Mchana ule aliacha chakula mezani. Kusahau, mtu husamehewa. Yeye hakusahau. Pale kwenye kiti cha plastiki, akiwa anajifuta viatu vumbi kwa karatasi, aliukumbuka utepe. Akatoa simu. Namba ya Shangazi ilikuwa pale juu, na Shangazi hupokea kabla simu haijaita vizuri. Angemwambia neno moja tu, mfungue Sindano. Lakini chini ya dirisha wachezaji wa klabu ile walikuwa mazoezini, kocha wao anapuliza filimbi, watu wanapigiana kelele za "nipe, nipe!" Ni daktari gani wa meno mwenye filimbi? Shangazi ana masikio ya popo. Akajiambia kijana ana akili, akiona mambo ni magumu ataufungua mwenyewe. Mlango ukafunguliwa, akaitwa. Akarudisha simu mfukoni, akasimama, akatabasamu.

Tabasamu lile ndilo lililomsumbua kuliko yote.

Wale wawili walipokwisha kuambiwa, ikawa zamu ya Sindano, kwenye chumba cha matibabu, kwa kuwa ndicho chenye viti vya kutosha. Kulikuwa na kitanda chembamba cha kuchulia misuli, mzani, na ukutani picha ya mtu asiye na ngozi. Mkuu alikaa pembeni, karibu na mzani. Mama yake Sindano alifika akiwa ametokea kazini kwenye tanuri la mikate. Unga ulikuwa umebaki kwenye mikunjo ya viwiko vyake. Sindano alikuja amening'iniza viatu vyake shingoni kwa kamba. Utepe bado ulikuwepo, umechafuka kwa tope lililokauka.

"Shikamoo, Mwalimu. Pole na jino."

"Marahaba."

"Mwalimu, kabla hujasema chochote, nilitaka ujue sikuufungua."

"Hukufungua nini tena?" mama akauliza.

"Utepe, mama. Wenzangu waliniambia niukate, nikakataa. Kipa akaniita kuku wa mguu mmoja, uwanja mzima ukacheka. Nikawaambia Mwalimu akija ataufungua mwenyewe. Hata mapumziko nilikimbia getini kuangalia kama umefika."

Mama akacheka, akamgeukia Mwalimu. "Unamwona? Mimi nikimtuma chumvi anasahau njiani. Wewe ukisema, limekwisha. Siku moja nyumba itaungua, atabaki ndani mpaka Mwalimu aje kumwambia atoke."

Alicheka peke yake. Hakujua wameitiwa nini. Pengine alidhani ni habari njema, maana alikuwa amevaa hereni.

Mkuu alikuwa ameinua kichwa. "Utepe gani huo?"

Sindano akamtazama Mwalimu, akimwachia ajibu.

"Ni zoezi langu," alisema Mwalimu. "La mguu dhaifu. Anafungwa mguu mzuri asiutumie. Nilipaswa kumfungua kabla ya mechi. Nilisahau, ile... jino lilikuwa..."

"Usiseme, baba," mama akamkatiza kwa huruma. "Jino si mchezo. Mimi la kwangu lilinilaza sakafuni, nikawasahau mpaka watoto niliowazaa. Utakumbuka utepe saa ngapi?"

Mwalimu alitazama mikono yake. Mlango wa kutokea alikuwa ameshafunguliwa, tena na mtu ambaye ndiye aliyestahili kuufunga. Mkuu naye alikuwa anaanza kutikisa kichwa kwa kuelewa. Ilibaki anyamaze tu.

"Jino halikuuma, mama," alisema.

"Lilikuwa limeshang'olewa?"

"Hakuna jino. Sikwenda kwa daktari. Nilikwenda kuomba kazi klabu nyingine, nikadanganya. Na wala sikusahau. Nilikumbuka nikiwa huko, mechi bado haijaanza. Nilikuwa na simu mkononi, nikaogopa nitajulikana niko wapi. Nikairudisha mfukoni. Tumewaita kuwaambia Sindano anaachwa. Anaachwa kwa sababu hakutumia mguu niliomkataza mimi."

Nje kuna mtu alikuwa anapiga mpira ukutani.

Mama akajifuta unga kwenye kiwiko, taratibu, kama ndiyo kwanza ameuona. "Simu ulikuwa nayo mkononi?"

"Nilikuwa nayo."

"Na mwanangu yuko getini anakuangalia."

Hakuuliza lingine, na hakumwita tena baba.

Mkuu alisimama, akaenda dirishani. "Leo kikosi cha wakubwa kina mechi ya mazoezi," alisema bila kugeuka. "Kijana ataingia nao. Nitamtazama upya. Hiyo ni haki yake, si fadhila. La kwako, Mwalimu, tutalizungumza kesho."

Mwalimu akavichukua viatu. Fundo lilikuwa limelowa na kukauka mara nyingi hata likawa gumu kama kokoto. Alijaribu kwa kucha, halikutikisika. Mkasi haukuonekana. Akainama, akaling'ata kwa meno, kwa upande ule ule wa kushoto, akalivuta mpaka likaachia. Hakuna aliyecheka.

Wakubwa walikuwa na vifua vipana na hawakuwa na habari na mtu. Sindano aliwekwa katikati. Mpira wa kwanza ukamjia kulia, pasi nzuri, laini. Mguu wake ukainuka nusu, ukasita, akageuza shingo kumtazama Mwalimu kwenye mstari wa pembeni. Alipogeuka tena, mpira haupo.

"Kulia!" Mwalimu alipaza sauti. "Tumia kulia, ruksa!"

Mara ya pili ikawa vile vile. Mguu, kusita, shingo. Mchezaji mmoja mkubwa akamwambia, "Dogo, unamtafuta nani? Mpira uko huku." Kila alipotazama, Mwalimu aliinua mkono kumpa idhini, na kadiri alivyomwinulia mkono ndivyo kijana alivyozidi kuungoja. Mama alikuwa amesimama upande wa pili wa uwanja, pochi ameibana kwapani. Mkuu alisimama na mikono nyuma, uso haumwambii mtu kitu.

Ndipo Mwalimu alipoelewa kwamba hata sasa, utepe ukiwa mfukoni mwake, bado alikuwa amemfunga.

Akageuka, akaondoka. Hakuaga. Alipita nyuma ya benchi, akapita bombani, akazunguka ukuta wa stoo mpaka mahali ambapo uwanja hauonekani kabisa.

Shangazi alikuwa kwenye beseni, amekunja mikono ya gauni. Alimtazama juu hadi chini.

"Kikombe changu nimekiosha," alisema. "Nasikia jino limepona ghafla."

"Umesikia na hilo?"

"Chumba cha matibabu kina dirisha." Akakamua kizibao cha mazoezi. "Sasa huku umefuata nini? Mtoto anacheza kufa kupona."

"Nikiwa pale hachezi. Ananitazama."

Shangazi akarudi kwenye beseni lake. Kutoka ng'ambo ya ukuta zilikuja sauti tu. Mpira ukipigwa. Mtu akiita. Filimbi. Kwa muda mrefu Mwalimu hakusikia chochote cha kumwambia mambo yanakwendaje, na hamu ya kuchungulia ilimvuta kama kiu. Alishikilia ukuta. Kisha ukasikika mguno wa watu kwa pamoja, sauti ya watu wanaoona kitu kikipita mahali pasipo na njia. Baadaye kidogo ukaja mwingine. Kisha makofi machache, na sauti ya mwanamke mmoja ikipaa juu ya nyingine zote.

Mechi ilipokwisha, Mkuu alikuja hadi kwenye kona ya ukuta. "Anabaki," alisema. "Kesho asubuhi uje na funguo zako za kituo, unikabidhi." Akaenda zake.

Nyuma yake akatokea Sindano mbio, jasho linamtiririka, kiatu kimoja mkononi.

"Uliona, Mwalimu? Ile ya mwisho, uliiona?"

Ingetosha kusema ndiyo. Neno moja dogo, na kijana angeondoka na furaha yake nzima.

"Sikuona," alisema Mwalimu. "Nilikuwa huku nyuma."

"Hata ile ya kwanza?"

"Hata hiyo."

Sindano akashusha mkono wenye kiatu. Alimtazama kama anayetaka kuuliza jambo, halafu akaliacha.

"Ilikuwa ya kulia," alisema. "Beki alikuwa... Aa, ungekuwepo ungeona."

Mama akamwita kutoka getini. Akakimbia, mguu mmoja na kiatu, mwingine peku, na safari hii hakugeuza shingo.

Shangazi akalisukuma beseni kwa mguu mpaka likamfikia Mwalimu. "Anika hivyo. Usisimame bure mbele yangu."

Mwalimu akachukua kizibao cha kwanza, akakikung'uta, akakitandaza kwenye kamba. Kabla ya kuchukua cha pili alitoa utepe mfukoni, ukiwa bado na tope na alama za meno, akauangalia, akautumbukiza kwenye maji ya sabuni, akaanza kuufikicha.