Nchi Saba za Kadi

"Mnyama gani..."

"Twiga!" Nevena alidakia.

"Hata sijamaliza kusoma."

"Kwani si twiga, mama?"

Desanka aliigeuza kadi. Ni twiga. Nevena akasogeza kete yake ya kijani huku akimkonyeza Jelica, mke wa kaka yake. "Wifi, elimu hiyo! Wala si ya darasa la jioni kama yako."

Meza nzima ilicheka. Jelica alibana meno. Elimu gani? Sanduku lile la mchezo wa maswali lilinunuliwa mwaka Nevena alipozaliwa, nchi ingali moja kubwa, kabla haijagawanyika, na tangu hapo kila Jumapili baada ya chakula hutolewa kabatini. Wenyeji walizitambua kadi kwa madoa. Ya twiga ilikuwa na doa la divai. Yeye aliyeolewa humo miaka minne iliyopita, nani alimfundisha madoa?

Siku nyingine angecheka nao. Leo, wakati anapakua nyama ya kuviringwa kwenye kabichi, Desanka, mama mkwe wake, alikuwa ametamka mbele ya wote kwamba magoti yamemchosha. Hawezi tena kukimbizana na Iskra, binti wa Jelica, jioni tatu kwa wiki. "Umri wako watu wanalea, Jelica, hawaandiki imla." Na Miodrag, mumewe, siku za kazi huwa zamu ya jioni. Asipopatikana wa kukaa na mtoto, hakuna darasa la jioni, na mtihani ni Juni.

Nevena ndiye aliyeleta utani. "Basi mpe nafasi, mama. Akishinda leo, unakaa na mtoto mpaka Juni."

"Ashinde? Huyu?" Desanka alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Haya. Nimekubali."

Na neno la mezani pale lilikuwa neno. Baba mkwe, Svetozar, aliwahi kunyoa masharubu kwa sababu ya neno kama hilo.

Dadu zilimpenda Jelica mchana ule. Kufika saa tisa alikuwa amebakiza swali moja.

"Mama, msomee ya watoto," Miodrag alisema.

"Nani kakwambia nataka ya watoto?"

"Nakusaidia tu, mke wangu."

"Usinisaidie."

Desanka aliisogeza kadi mbali na macho yake. "Nchi yetu inapakana na nchi ngapi?"

Svetozar akatabasamu. Hiyo ilikuwa kadi yake. Kila ikitoka huzitaja zote saba, akianzia Italia, alikosimama mpakani na bunduki akiwa kijana, theluji magotini. Jelica alikuwa ameisikia hadithi hiyo mpaka akaota. Saba. Neno moja tu, na Juni ni yake. Ng'ambo ya meza Miodrag alikuwa anajikuna shingo kwa vidole vitano, kisha viwili.

Lakini Jumanne, darasani, alikuwa ameichora ramani ya nchi daftarini kwa mkono wake, akafuta, akachora tena. Kiwandani alikuwa mshonaji wa ngozi za viatu, na ngozi si kitambaa: sindano ikishapita, hata ufumue uzi, tundu linabaki. Unatazama kwanza, ndipo unakanyaga pedali. Akatazama.

"Nane."

"Unasema?"

"Nane. Hungaria, Romania, Bulgaria, Makedonia, Albania, Montenegro, Bosnia, Kroatia."

"Kadi inasema saba."

"Kadi imezeeka, mama."

"Tunacheza kadi, hatusikilizi habari za redio!"

"Na Italia umeipeleka wapi?" Svetozar aliuliza polepole, kama mtu aliyerudi akakuta mlango wake umehamishwa.

"Italia ipo, baba. Sisi ndio hatuko tena pale."

Mzee alimalizia kikombe chake cha rakia, pombe kali ya matunda, akachukua kofia, akatoka kwenda kuangalia mizabibu ambayo haikuwa na shida yoyote. Desanka aliirudisha kete ya Jelica nyumba tatu nyuma. Zamu iliyofuata Nevena akashinda, kwa swali ambalo halikusomwa hata nusu.

"Si nilikuonyesha vidole!" Miodrag alimfuata jikoni.

"Niliviona."

"Sasa?"

"Sasa toka hapo nioshe vyombo."

Aliviosha kwa kuvigonganisha. Alimkasirikia Miodrag na vidole vyake, akamkasirikia Nevena, akajikasirikia mwenyewe zaidi. Neno moja! Angelitamka tu kama anayemeza dawa chungu, basi. Alhamisi atamwambia nini mwalimu? Kwamba alijua jibu, ndiyo maana haji tena?

Sebuleni Iskra alikuwa ameamka. Jelica akasikia kiti kikilia, akachungulia huku mikono ikidondosha povu. Desanka alikuwa amempakata mtoto, ameshika kiganja chake kidogo, anakunja kidole kimoja kimoja.

"Hungaria. Romania. Bulgaria. Makedonia..." Akasita kwenye kidole cha tano.

"Bado hiki, bibi," Iskra alisema.

Desanka alitupa jicho mlangoni aliposimama Jelica, wala hakumwuliza. Akavikunjua vidole vyote, akaanza upya.