Mkono wa Kushikia Kola

Mkono wa roboti uliruka tena, ukaipiga pasi kikumbo, ukabaki unatetemeka juu ya meza.

"Zima!" alisema dobi. "Utauvunja."

"Sijaugusa, Baba. Unaruka wenyewe."

Msichana aliyemjibu hakuwa mwanawe; shuleni walimwita Sindano kwa wembamba wake. Alikuwa akikaa dawati moja na binti wa dobi. Roboti hii waliijenga pamoja, imshikie mzee kola anapopiga pasi, lakini waya zote za mkono alizifunga binti mwenyewe, na utepe aliukata kwa meno, mkasi ukiwa pale pale. Kisha homa ikampanda. Juma halikwisha, wakamzika.

Kila asubuhi tangu hapo dobi aliuwasha mkono, nao ukarukaruka, naye akauamkia, "Umeamkaje, Injinia?" Hakumwambia mtu.

"Kesho ndiyo maonyesho," Sindano alisema. "Mwalimu kasema ukiruka hivi, hauingii. Na kadi yenye jina la mwanao nayo itatolewa."

"Basi tengeneza. Lakini usifumue kazi yake."

Sindano akabadilisha mota, mambo yaleyale. Akaweka betri mpya, mkono ukaruka maradufu.

"Sasa umeshiba," dobi alisema. Wakacheka.

Msichana alifuata waya kwa kidole, mmoja mmoja, hadi kwenye kifundo kilichoviringishwa utepe.

"Ni hapa. Betri ya mota na ubao wa programu havijaunganishwa ardhi."

"Ardhi?"

"Ndivyo tunavyouita huu waya mweusi. Ubao ukiwa na ardhi yake, na mota ina yake, amri inafika lakini mota haiielewi. Inapapasa tu. Lazima viwe na ardhi moja."

Dobi aligeukia dirisha.

"Ardhi tena," alisema.

"Nisamehe, Baba. Ndilo jina lake."

"Na huo utepe?"

"Lazima ukatwe."

Kwenye ncha ya utepe alama za meno zilionekana wazi, na katikati pengo dogo ambalo binti alizoea kulificha kwa ulimi akicheka.

"Nikimpelekea fundi mwingine?"

"Naye ataukata, Baba."

Nje mteja aligonga, akangoja, akaenda zake.

"Lete mkasi," dobi alisema. "Nitakata mimi."

Alikata polepole, kama anayeondoa kifungo kwenye shati la mtu mkali. Utepe ulijikunja, ukanatana wenyewe. Alipoukunjua kwa kucha, ulivutika ukawa mrefu, na meno hayakuwepo tena.

Sindano aliunganisha mweusi kwa mweusi, akawasha. Mkono ulipanda taratibu, ukasimama, ukafungua vidole.

"Umetulia," alinong'ona. "Unasubiri kola."

Kapu lilijaa mashati ya wateja. Dobi aliyatazama, kisha akafungua vifungo vya shati lake, akalivua, akaupa mkono kola. Vidole vikafunga. Hakuna kilichotikisika.

"Nizime, Baba?"

Alikuwa amesimama kifua wazi upande wa pili wa meza, ameushika mkono wa shati.