Mara Mbili ya Umri Wake

Fundi alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na herufi x. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita, na katika kumbukumbu zake alama ile ilikuwa na kazi moja tu: mwalimu aliichora kwa wino mwekundu pembeni ya jibu lililokosewa. Sasa ana miaka thelathini na minane, amejibana kwenye dawati la watoto kila Jumamosi asubuhi, na anaambiwa aiandike mwenyewe, tena kwa hiari.

"Andika kwanza usichokijua," alisema mwalimu, msichana mpole aliyejaa chaki hadi viwikoni.

"Nisichokijua nitakiandikaje, mwalimu?"

"Kipe jina. Kiite x. Kikishapata jina, kitaanza kukueleza habari zake."

Dereva wa lori, jirani yake wa dawati, akaguna. "Cha kwangu nimekipa jina wiki ya tatu hii, bado kimeninunia."

Kilichomleta Fundi pale kilikuwa meza ya kukatia. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akishona sare kiwandani, cherehani ya tatu kutoka dirishani, na msimamizi wa kukata vitambaa alikuwa anakaribia kustaafu. Kila mtu alijua nani ana jicho la kushika nafasi ile. Lakini nafasi ilidai cheti cha sekondari, na hesabu ndiyo iliyomkwama kooni. Si kwamba majibu hayaoni. Ukimwambia kitambaa cha mita arobaini na tano kikatwe vipande vitatu, cha pili kikizidi cha kwanza kwa mita tano na cha tatu kiwe mara mbili ya cha kwanza, atakutajia kumi, kumi na tano na ishirini kabla hujafunga mdomo. Tatizo ni kwamba mtihani ulitaka kuona njia aliyopita, naye njia hakuwa nayo, alikuwa na jibu tu.

Jumamosi moja mwalimu akaandika ubaoni: umri wa mama ni mara tatu ya umri wa binti yake, baada ya miaka minane utakuwa mara mbili. Binti ana miaka mingapi sasa?

Fundi alijizuia kubahatisha. Binti, akaandika, x. Mama, 3x. Baada ya miaka minane kila mmoja ataongeza minane yake, mama haachwi nyuma. Akaitwa ubaoni, akaandika:

3x + 8 = 2(x + 8)

Akafungua mabano, upande wa kulia ukawa 2x + 16. Akaondoa 2x huku na huku, kisha nane huku na huku. Ikabaki x = 8. Binti minane, mama ishirini na minne. Darasa likampigia makofi. Kwa mazoea ya mtu anayepima mara mbili kabla ya kukata, akatoa nane kwenye ishirini na nne, na mkono wenye chaki ukasimama.

"Huyu mama alimzaa akiwa na miaka kumi na sita," alisema polepole.

Mwalimu akaona haya. "Ni namba tu, mama. Nilichagua zinazogawanyika vizuri."

"Najua," alisema Fundi, akarudi kukaa.

Njiani kwenda nyumbani namba hazikumwacha. Yeye thelathini na minane, binti yake ishirini na miwili. Ni lini alikuwa mara mbili ya umri wa mwanawe? Alisimama kando ya duka lililofungwa, akaegemeza daftari ukutani. Miaka iliyopita, x. Akaandika 38 – x = 2(22 – x), akaishusha hatua kwa hatua mpaka x ikawa sita. Miaka sita iliyopita. Yeye thelathini na miwili, binti kumi na sita.

Mwaka ule.

Mwaka aliokuwa akimvizia binti kwenye geti la shule, akimpekua mkoba, akifukuza hata wenzake waliokuja kusoma naye. Binti alivumilia, akachoka, akafungasha nguo akaenda kukaa kwa mama yake mdogo miezi minane. Alirudi, ndiyo, wakasalimiana na kula pamoja, lakini habari ile walikuwa wakiipita ubavuubavu, kama kabati lililowekwa mlangoni.

Alimkuta binti anapiga pasi sare zake za uuguzi. Akamwekea daftari kwenye meza ya pasi.

"Hii nimeitunga mwenyewe. Itazame."

Binti aliisoma mpaka chini. Pasi akaisimamisha. "Sita. Ule mwaka niliohama."

"Ulikuwa umefika umri wangu wa kukuzaa. Sikupiga hesabu wakati ule, mwanangu. Nilikuwa naogopa tu, wala sijui naogopa nini. Kila nikikutazama, najiona mimi natoka na daftari zangu sirudi tena shuleni."

"Mimi nilidhani unajuta kunizaa. Ndiyo maana niliondoka."

"Kujuta?" Fundi alivuta kiti. "Nilijutia shule. Wewe hata siku moja."

"Ungeniambia, mama."

"Ningekuambia. Sikujua nianzie wapi."

Binti akachomoa pasi ukutani, akakaa naye. Kisha akauliza jambo ambalo hakuwahi kuuliza: ile siku ya mwisho shuleni ilikuwaje. Fundi akamsimulia yote, mpaka rafiki aliyemletea nukuu za somo wiki mbili na baadaye akaacha kuja.

Mtihani ulikuja miezi miwili baadaye. Alifaulu kwa alama za wastani, na sasa yeye ndiye anayechora mstari kwenye kitambaa kabla mkasi haujagusa. Dereva anarudia mwakani.