Waliosema Hapana

Nukta ya buluu ilitulia juu ya ramani ya mji wa Plymouth kama inzi juu ya kidonda, na pembeni yake palikuwa pameandikwa jina: Donatille.

Ernestine aliitazama kwenye simu ya Sosthène, katika ukumbi ulio chini ya kanisa, chai ikipoa mkononi mwake.

"Gari lake limekwama?" aliuliza.

"Hapana, ametulia nyumbani. Dada, si unaona inavyofanya kazi? Na wale wakubwa wa duka la programu wakasema haifai!"

"Lakini hajabonyeza. Uliniambia mtu huonekana akibonyeza kuomba msaada tu."

"Bon, sawa, hicho ni kitu kidogo. Nitakirekebisha."

Ernestine aligeuka kukitafuta kichwa cha Byamungu, mume ambaye Donatille alimkimbia pamoja na mtoto. Kila Jumapili shemasi huyo aliketi karibu na birika la chai. Leo hakuwapo.

Sosthène aliibuni programu ile kwa nia njema: waumini waliokwama thelujini waonekane kwenye ramani, wenzao waende kuwakwamua. Duka la programu liliikataa. Wakaguzi waliandika kwamba inawatangazia watu wote mahali alipo mtumiaji, hata akiwa ameifunga. Kanisa zima lilinuna. "Duka gani hilo," mama mmoja alitania, "lina bawabu mkali kuliko wa mbinguni!" Walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha mchungaji akaiombea programu, na Sosthène akaanza kuigawa mkono kwa mkono, kwa simu zisizouliza maswali.

Simu ya Donatille iliuliza. Haikupokea chochote kisichopitia duka lake, na Ernestine aliiona kama jela. Walikuwa wamekutana mji jirani wa Maple Grove, katika duka la vyakula, na Donatille akamshika kifundo cha mkono: "Usimwambie mtu umeniona wapi." Hakumwambia mtu. Ila moyo wake haukutulia. Alimwaza mwanamke yule peke yake barabarani, na mtoto, na gari bovu, katika baridi ya kukata masikio. Akampelekea nyumbani simu yake mwenyewe ya zamani kama zawadi, programu ikiwa tayari ndani yake.

Ndugu hakupekui mfuko. Yeye hukupokea kwa mikono miwili, hata nyoka akiwemo humo. Mkaguzi asiyemjua Donatille wala Mungu wake alikuwa amepekua, akamwona nyoka, akasema. Ernestine alimwita mtu huyo mwenye roho mbaya.

Aliendesha gari hadi Plymouth bila kukumbuka njia. Donatille alifungua mlango kwa upana wa mnyororo, akamtazama, kisha akaufungua wote. Mifuko ilikuwa imeshafungwa. Mezani palikuwa na kiroba kipya cha unga wa muhogo.

"Byamungu ametoka sasa hivi," alisema. "Hakunipiga, mdogo wangu. Alivua viatu mlangoni kama mtu mwenye adabu zake. Akaweka unga mezani, akasema nyumba ni nzuri. Jumapili ijayo atakuja kula."

Ernestine alieleza yote. Donatille alisikiliza huku akikunja koti la mwanawe, mkono mmoja, kisha wa pili.

"Hao walioikataa, wananijua?"

"Hapana, Mama Rukundo."

"Hata jina?"

"Hata jina."

"Na ninyi mnaniombea kila Jumapili, kwa jina." Hakupaza sauti. Alilitia koti katika mfuko mmoja. "Chukua hiyo mifuko, twende."

Walishusha mifuko na godoro. Mtoto, Rukundo, alikaa kiti cha nyuma, kofia imemfunika macho, akauliza kwa Kiingereza kama watarudi. Ernestine alifungua kinywa aulize wanakwenda wapi, akakifumba.

Donatille aliwasha gari lakini hakuondoka. Alishusha kioo, akamrudishia Ernestine ile simu ya zamani.

"Rudi ndani kwanza. Usichungulie dirishani."

Ernestine alipanda ngazi, akaingia katika chumba kitupu, akakaa sakafuni akilipa dirisha mgongo. Alisikia magurudumu yakiponda barafu, yakasita penye njia kuu, kisha yakashika barabara. Hakuweza kujua kama yalipinda kushoto au kulia.