Mikono Miwili ya Kushoto

Kilichoniamsha kabla ya mapambazuko ni mkasi. Kacha, kacha, kacha juu ya meza ya sebuleni. Halafu kimya. Nikangoja uendelee, haukuendelea, nikajua kuna jambo.

Mjukuu wangu tunamwita Kiroboto, maana tangu utotoni hajawahi kutulia. Asubuhi hiyo nilimkuta ametulia tuli, mkasi mkononi.

"Bibi, nimekwisha."

Saa tatu alitakiwa kwenye karakana ya mama mmoja mbunifu wa mitindo, anayechukua mwanafunzi mmoja tu kwa mwaka. Kila anayeomba hupeleka nguo aliyoibuni na kuishona mwenyewe. Kiroboto alijiandaa miaka mitatu. Alichukua nguo kuukuu akazifumua aone zilivyoungwa, akajaza madaftari manne kwa michoro, akawapindia majirani nguo zao ili mkono uzoee. Koti lake la buluu lilibaki mikono tu.

"Nimekata mikono miwili ya kushoto."

Mkono wa koti una mbele na nyuma yake. Kitambaa kilikuwa kidogo, hakikutosha kukunjwa ili mikono yote ikatwe pamoja, kwa hiyo alikata mmoja mmoja, na mara ya pili akasahau kuigeuza karatasi ya kukatia. Hakikubaki hata kipande cha kufutia miwani.

"Basi tumtafute mteja mwenye mikono miwili ya kushoto," nikasema.

Hakucheka. Ile methali ya haraka haina baraka ilinifika mdomoni, nikaimeza. Mwenye kidonda hapakwi chumvi.

Akauokota mkono mmoja, akaugeuza, wa ndani ukawa nje. Sasa ulikuwa wa kulia, ila upande ule wa kitambaa ulikuwa umepauka.

"Itaonekana, Bibi."

"Itaonekana."

Akautazama sana. Kisha akashika wembe, akaanza kuifumua kola.

"Unabomoa tena?"

"Mkono ukipauka peke yake ni kosa. Ukipauka pamoja na kola, ni ndugu. Bibi, nishonee matundu ya vifungo, mimi sitawahi."

Nilishona sare za shule miaka thelathini, lakini sijawahi kushona mbio kama siku ile. Yeye alikanyaga cherehani, mimi nikazungushia uzi matundu matatu, na saa ya ukutani ikitukimbiza wote wawili. Tukatoka chai haijanyweka.

Njiani nikamshauri, Mungu anisamehe: "Akiuliza, mwambie ndio mtindo."

Akaongeza mwendo, koti kalikumbatia.

Kwenye benchi la karakana walikuwepo wengine watano. Binti mmoja aliyepakata gauni aliona uzi unaning'inia kwenye pindo la koti letu. Akatoa kimkasi chake, akaukata. "Usiingie na mkia, dada," akasema. Nao walikuwa wanagombea nafasi moja! Binti yule sijamsahau.

Zamu yetu, ya mwisho, ilipofika niliketi karibu na mlango. Mbunifu alimvisha koti mwanamke wa mbao wa kujaribia nguo, akalizunguka mara mbili. Akalitoa, akaligeuza, akakagua mishono ya ndani.

"Mkono huu umepauka. Ulikusudia?"

Kiroboto akanitazama. Nikainamisha macho.

"Hapana, mama. Nilikata miwili ya kushoto. Leo alfajiri."

"Na kola?"

"Kola niliigeuza ili mkono usiwe mpweke."

"Matundu haya ya vifungo?"

"Ni ya bibi yangu. Yule pale."

Moyo ukanishuka hadi kwenye kandambili. Mbunifu akaguna. "Koti zima, pasipo na kosa pana bibi."

Mafundi wake wakaangua kicheko. Kiroboto alikaza taya, ila hakulia. Mbunifu akalishika tena lile koti, akapitisha kidole palipokutana kola na mkono, akakiacha hapo.

"Wengi wameniletea nguo leo wakasema kila kitu walikusudia," akasema taratibu. "Jumatatu, saa mbili kamili. Na utakata mbele yangu, karatasi ukiigeuza huku nikiona."

Kiroboto alijibu "ndiyo" mara nne. Mimi nilikuwa nimeshasimama, natafuta mlango kwa machozi, nikasikia hatua nyuma yangu. Mbunifu alikuwa ameshika koti, kidole kimepita kwenye tundu la kifungo.

"Mama, hawa mafundi wangu wanajua mashine tu, tundu la kushonwa kwa mkono hawaliwezi. Leo umekaa mlangoni kama mgeni. Utakuja tena lini?"