Hapana kwa Kadi ya Tanvir

Pale dukani kwao Shinyanga kila mtu alijua kwamba Fahim hamwonei wivu binamu yake Tanvir. Alilitangaza mwenyewe kila siku, bila kuulizwa.

Likizo ile ya mwaka 1997 alirudi kutoka shule ya bweni akakuta Tanvir, aliyesoma hapo hapo mjini, ameongeza diski ya pili kwenye kompyuta ya duka, pamoja na kadi ya kuiendesha, na orodha yote ya spea imehamia humo. Baba hakuwa na wimbo mwingine: Tanvir kaleta kadi, Tanvir kafunga diski. Naye Baba alikuwa akifungua tawi Geita la kuuzia wachimbaji pampu. Kompyuta ingehamia huko, na anayeijua zaidi angekwenda nayo likizo nzima. Fahim aliitaka Geita kuliko alivyotaka kufaulu hesabu.

Siku Tanvir alipofuatana na Baba kupeleka pampu Maganzo, Fahim aliketi kuunda kerneli yake, ule moyo wa Linux, mfumo ulioiendesha kompyuta, iwe nyepesi kuliko ya binamu. Kabla ya kuundwa, kerneli huuliza maswali chungu nzima: hiki utakitaka, kile je? Fahim alijibu kwa utulivu wa hakimu. Lilipofika swali la kadi, akaliona jina la kadi ile ile iliyosifiwa mezani wiki nzima. Akajibu hapana.

Mashine iliwaka kwa kasi ya ajabu. Diski ya pili haikuonekana.

"Imekwenda wapi?" aliuliza mdogo wake Naznin, akitafuna karanga.

"Imepumzika."

"Na orodha ya Baba imepumzika nayo?"

Fahim alifungua kasha, akakaza nyaya, akapuliza vumbi. Alipowasha tena, kabla Linux haijaamka, kadi yenyewe iliitaja diski kwa jina. Kumbe diski ilikuwepo, nzima. Kerneli yake ndiyo iliyokataa kuitambua. Ile hapana yake ndiyo iliyoificha.

Bahati nzuri hakuwa ameifuta kerneli ya zamani. Aliwasha upya, akaomba majina ya kerneli zilizopo, yakatokea mawili: fahim, tanvir. Diski isingerudi mpaka aandike la pili kwa mkono wake.

"Anza na shikamoo," Naznin alimshauri.

Alikuwa amefika herufi ya nne Baba na Tanvir walipoingia. Akamalizia. Diski ikarudi.

"Mnaona," alisema Baba, "hata mashine inamwita Tanvir. Geita atakwenda yeye."

Tanvir alisogea, akachungulia, akaelewa yote. "Baba Mdogo, kerneli ya Fahim inawaka haraka kuliko yangu. Imekosa jibu moja tu. Aitengeneze, twende nayo sote wawili." Baba akakubali.

Fahim aliitengeneza, safari hii kwa ndiyo iliyomchoma vidole, akaipa jina la fahimhodari, ili kila asubuhi mashine ilitaje mbele ya wachimbaji wote wa Geita.

Tanvir angeweza kulifuta kwa dakika moja. Hakulifuta, na hilo ndilo Fahim hajamsamehe hadi leo.